Kisu kilichopinda hakinyooshwi

SWALI: Nasimamia kompaundi ya shule hapa Entebbe. Mashine yetu ya kukata nyasi, ile ya kukalia yenye visu viwili, inakata vibaya. Upande wa kulia nyasi zinabaki fupi, kushoto ndefu, na katikati pana ngazi inayoonekana hata kwa mbali. Fundi amenoa visu mara mbili, hali ni ile ile. Sasa anasema kisu kimoja kimepinda kidogo, atakinyoosha kwa nyundo kisha aongeze chuma kwenye ncha kwa kuchomelea. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Kisu hicho kitolewe leo, na mashine isiwashwe mpaka kipatikane kipya.

Nianze na hii imani ya kwamba mkato ukiharibika dawa ni kunoa, kwa sababu kila mvua zikianza naletewa mashine ambazo visu vyake vimeliwa na grinda mpaka vimekuwa vyembamba, na bado zinaacha ngazi. Ukali wa kisu unauona kwenye ncha ya jani. Kisu butu hulichana badala ya kulikata, ncha zinageuka kahawia, na uwanja unaonekana umekauka hata katikati ya mvua za Aprili. Urefu wa nyasi ni habari nyingine kabisa: unategemea kisu kiko umbali gani kutoka ardhini, na hapo grinda haina msaada wowote. Tena inaongeza ubaya. Visu vikifupika, pale vinapopishana katikati panabaki ukanda usiokatwa, na upande mmoja ukiliwa kuliko mwingine kisu kinakosa mizani, mashine inatetemeka, beringi zinakufa.

Kwa maelezo yako una matatizo mawili. Mteremko wa kulia kwenda kushoto kwa kawaida hutokana na matairi au deki iliyoinama, yaani lile bati linalofunika visu. Matairi kwanza. Watu wengi humwita fundi wa panchari, naye anajaza upepo kama wa bodaboda. Mashine nyingi za aina hii zinataka psi 14 hivi mbele na psi 10 nyuma (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji). Fuata kitabu cha mashine, na matairi ya kulia na kushoto yalingane. Tazama pia kama tairi moja ni jipya na mwenzake amekwisha, au ni la saizi nyingine. Hilo peke yake linatosha kuinamisha mashine nzima.

Kisha iweke kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi, vaa glavu nzito. Kwangua majani yaliyoganda chini ya deki. Nyasi aina ya paspalamu iliyokatwa ikiwa na umande hung'ang'ania pale hadi kisu kinakosa nafasi. Geuza visu vikae kulia-kushoto, pima kutoka ncha ya nje ya kila kimoja hadi sakafuni. Tofauti isizidi milimita 3. Ikizidi, nati za vyuma vinavyoning'iniza deki ndizo za kurekebisha. Mbele-nyuma, ncha ya mbele iwe chini kidogo kuliko ya nyuma, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu.

Ile ngazi ya katikati ndiyo inayonitia wasiwasi. Pima ncha moja ya kisu, kizungushe nusu mzunguko, upime ncha ya pili mahali pale pale. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3, kisu kimepinda, au mhimili wake, yaani chuma kinachokizungusha. Funga kisu kipya: tofauti ikibaki, ni mhimili.

Sasa kuhusu nyundo na kuchomelea. Ncha ya kisu cha mashine hii inaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Chuma chake kimepikwa kiwandani kiwe kigumu bila kuvunjika ovyo. Ukikipiga nyundo kinaweza kupata ufa usioonekana kwa macho. Ukikichomelea, moto unaharibu ule ugumu pembeni mwa weldi, na hapo ndipo kinapokatikia. Kipande kinachoruka kwa mwendo huo kinapasua mguu wa mtu aliyesimama mbali, na wewe uko shuleni. Mafundi wa vyuma wa Katwe, kule Kampala, nawaheshimu, mageti na mashine zao za kusaga zinadumu. Lakini aliyezoea kuchomelea geti hajui kisu kinachozunguka, na anayekuambia "hiki kitashika tu" hatakuwepo kitakapoachia. Ni hivyo hivyo kwa wanaokata springi ya lori na kuiuza kama kisu. Chuma cha springi ni kigumu kweli, lakini hakuna aliyekipima mizani wala kukijaribu kwa mwendo ule.

Na kwa kuwa nimefika hapa, niwaambie wote wenye mashine hizi mashuleni, hotelini na makanisani: angalieni swichi iliyo chini ya kiti. Kazi yake ni kuzima injini dereva akiinuka visu vikiwa vinazunguka. Nimekuta nyingi zimeungwa waya moja kwa moja kwa sababu fundi alichoka kutafuta swichi nyingine. Mashine ya hivyo haina kinga, na anayeshuka kuondoa jiwe au chupa mbele yake anaacha visu vikiendelea. Rudisheni swichi. Watoto wakae mbali kabisa wakati wa kukata, si pembeni ya uwanja wakitazama.

Unaponunua, chukua visu vyote viwili kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na boliti zake mpya kama za zamani zimelika. Cha zamani usikiache stoo, kwa maana kuna siku mtu atakifunga tena. Kikate vipande viwili mbele ya macho yako, ndipo umpe mnunuzi wa vyuma chakavu.