Mayai Yamejaa Jokofuni, Nami Naogopa Pishi Jipya

SWALI: Mimi ni mtu mzima mwenye usonji, na umakini wangu hutawanyika upesi. Kuku ninaowafuga wanataga kuliko ninavyoweza kula, hata sasa nina mayai zaidi ya 40. Kwa miaka mingi nimekula yai la kuchemsha tu, tena lililoiva kabisa. Natamani kujaribu mapishi mengine, lakini ute unaoteleza hunitia kichefuchefu, harufu ya yai hunikaa puani, na maelekezo yenye hatua nyingi hunipotea katikati mpaka chakula kikaungua. Nianzie wapi?

JIBU: Kwanza tukuondolee haraka, kwa sababu ni vigumu mno kujaribu chakula kipya huku ukihofia kwamba kingine kinaharibika. Mayai mabichi hukaa jokofuni wiki 3 hadi 5. Yanayozidi yavunje, yapige mpaka ute na kiini vichanganyike, kisha yagandishe katika vyombo vyenye mifuniko vilivyoandikwa tarehe na idadi. Yatakufaa kwa muda wa hadi mwaka 1. Usiyagandishe na maganda yake, kwani yatapasuka.

Kichefuchefu chako si kudeka, na usikubali mtu akulazimishe kumeza kitu ambacho mdomo wako unakikataa. Ute huanza kushikana katika nyuzi joto 62 hivi za Selsiasi, na kiini huchelewa kidogo. Kwa hiyo utelezi unaokusumbua ni ute ambao haujafikia hapo, au uliobaki na vinyuzi kwa kutopigwa vizuri. Harufu nayo huzidi yai linapochemshwa mno: salfa iliyomo kwenye ute hukutana na madini ya chuma ya kiini, na ndiyo maana wakati mwingine unaona duara la kijanikijani kuzunguka kiini. Hata yai lako la kila siku, basi, lichemshe dakika 10 hadi 12 tu, kisha litumbukize katika maji baridi sana.

Pishi jipya ambalo ningekuchagulia ni kimanda chembamba. Piga yai 1 na chumvi kidogo, ulipitishe kwenye chujio laini ili vinyuzi vyote vya ute vibaki juu, kisha ulimimine kwenye kikaango kipana kilichopakwa mafuta, juu ya moto mdogo, na ukizungushe kikaango mpaka yai litandae kama karatasi. Lisikorogwe. Utaona uso wake uliokuwa uking'aa unafifia kuanzia kingoni kuelekea katikati. Mng'ao ukishatoweka kote, ligeuze kwa sekunde chache, uepue. Hapo ute na kiini vimekuwa kitu kimoja, kikavu, chenye ulaini ule ule kila unapouma, na nadhani kwa mtu wa hali yako usawa huo una thamani kuliko ladha yenyewe.

Kuhusu hatua kukupotea, usiwashe jiko kabla yai halijapigwa na kuchujwa, na kabla sahani, mwiko na mafuta havijawa mezani. Andika kila hatua kwenye kadi yake, ukiifunika kila unapoimaliza. Kengele ya simu inafaa kwa kuchemsha, lakini kwa kimanda macho yako ndiyo saa, kwa hiyo usiondoke jikoni hata kwa dakika moja.

Kimanda hicho kikikukubali, kirudie vivyo hivyo mara kadhaa kabla ya kubadilisha lolote, kisha ubadilishe jambo moja tu: pengine ukikate vipande vyembamba kama tambi na kukichanganya na chakula ambacho tayari unakipenda. Siku zote za majaribio weka karibu yai lako la kuchemsha, ambalo hudumu jokofuni siku 7. Jaribio likikushinda baada ya tonge la kwanza, weka sahani kando, ule yai lako, na ushibe.