Mfute kwanza mwana wa mfalme

Usiandike sura ya tatu ya riwaya yako. Umesema shujaa wako ni yatima wa miaka 17 mwenye macho ya rangi ya fedha, anayejikwaa kila aendapo, asiyejijua kuwa ni mrembo, na anayegombaniwa na mwana wa mfalme na jambazi. Kisha ukauliza kama nguvu zake za kichawi zijitokeze sura ya tano au ya kumi, na wahariri wanatoza kiasi gani. Msichana huyo namfahamu. Alikaa kwangu akala akiba yangu yote.

Wangu aliitwa Zaria, na kasoro yake pekee ilikuwa kuangusha vikombe. Nilimpa alama ya nyota begani na utabiri uliomtaja kabla hajazaliwa. Katika pambano la mwisho, adui alipomkaba koo, mwanga ulimtoka viganjani bila yeye kuamua lolote, adui akawa jivu na riwaya ikaisha. Binti wa dada yangu alipomaliza kuisoma aliniuliza, "Mama mdogo, kwani Zaria alifanya nini?" Nilipekua kitabu nimwonyeshe, nikakuta ametekwa, ameokolewa, amebusiwa, kisha ametekwa tena. Wakati huo nakala zilikuwa zimekwisha kuchapwa kwa fedha zangu, na leo zimebeba televisheni sebuleni, kazi ambayo kwa kweli zinaimudu.

Aliyenipoteza ni muuza kozi mmoja wa WhatsApp, ambaye alitugawia fomu ya kujaza: rangi ya macho, mzazi aliyekufa, siri ya kuzaliwa, mpenzi mwema, mpenzi mkorofi. Alisisitiza kwamba msichana asiwe na tabia nyingi, ili kila msomaji ajione ndani yake. Ada aliipokea papo hapo; nilipomwomba asome sura moja tu, alinijibu kwa kikatuni cha dole gumba. Kumbe mwaka 1973 Paula Smith, mpenzi wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, huko Marekani, alikuwa amekwisha kumkejeli binti wa aina hiyo kwa kumbuni Luteni Mary Sue, mwenye umri wa miaka kumi na mitano na nusu na asiyeshindwa na lolote, nami nikajiona nimevumbua.

Wala usiniambie kwamba Bella Swan wa Twilight naye hujikwaa na vitabu vyake viliuzwa. Bella alitaka kuwa mnyonya damu, na hakuacha kulitaka hilo hata mpenzi wake alipokataa.

Kwa hiyo wafute wanaume wote wawili kwenye rasimu, usome kinachobaki. Ikiwa msichana hana anachokitafuta, hajadanganya, hajaiba, wala hajamkosea mtu kwa hiari yake, bado huna shujaa. Mpe bibi mwenye deni, na umfanye auze kitu ambacho hakikuwa chake ili alilipe; nguvu za kichawi na zimjie hapo, pale anapolazimika kuchagua kati ya kukiri na kukimbia, iwe ni sura ya pili au ya ishirini. Mwana wa mfalme na angoje nje mpaka binti amalize shughuli zake.