Geji ya tangi la maziwa isiseme uongo umeme ukikatika

Vituo vya kukusanyia maziwa mkoani Tanga, kuanzia Muheza hadi Lushoto, vinaishi kwa namba moja: nyuzijoto 4. Maziwa yasipopozwa mapema yanachacha kabla gari halijafika, na hasara ni ya mfugaji. Ukipewa kazi ya kuweka geji ya joto hilo kwenye programu ya wavuti ya kituo, kuchora tao ndiyo kazi ndogo.

Anza na kipimo cha geji, yaani namba ya mwanzo na ya mwisho kwenye tao. Ukiweka 0 hadi 40 ili joto lolote lienee, eneo linalotakiwa kutazamwa, 0 hadi 10, linabanwa kwenye robo ya tao na msimamizi haoni tofauti ya 4 na 6. Weka 0 hadi 20. Joto likifika 26, mshale uishie 20 lakini namba iliyo chini yake iseme 26.

Rangi ziwe nne: bluu 0 hadi 2, maana maziwa yanakaribia kuwa barafu, kijani 2 hadi 5, njano 5 hadi 10, nyekundu kuanzia 10. Kijani kisikatwe kwenye 4 kamili. Thamostati huwasha na kuzima kompresa, joto likipanda na kushuka kidogo, na sensa ya joto ya DS18B20 yenyewe inaweza kukosea kwa nyuzijoto 0.5. Ukikata kwenye 4, rangi itabadilika kila dakika na watu wataacha kuijali. Elementi ya meter, geji ya mstari iliyomo tayari ndani ya HTML, haitoshi hapa: eneo zuri likiwa katikati, pande zote mbili hupata rangi moja ya tahadhari, na nyekundu huipati.

Chora kwa SVG, michoro inayoandikwa kwa msimbo. Kwenye viewBox (eneo la kuchorea) ya 0 0 200 120, nusu duara ni M 20 100 A 80 80 0 0 1 180 100. Mpe kila mstari pathLength="100" ili urefu uhesabiwe kuwa vipande 100 na usihangaike na 251.3, ambao ndio urefu wake halisi. Sasa nyuzijoto moja ni vipande 5. Bluu ni stroke-dasharray="10 100" (urefu wa rangi, kisha nafasi tupu); kijani "15 100" na stroke-dashoffset="-10", inayosogeza mwanzo wake mbele; njano "25 100" na -25; nyekundu "50 100" na -50. Ncha za mstari (stroke-linecap) ziwe butt, yaani zilizokatwa. Ukiweka round, za mviringo, kila rangi inapanda juu ya jirani yake.

Mshale ukichorwa ukielekea juu, pembe yake ni joto kugawanya kwa 20, mara 180, kutoa 90. Ukiuzungusha kwa CSS na ukaona unaruka nje ya geji, ni kwa sababu unazunguka kwenye kona ya juu kushoto ya mchoro. Andika transform-origin: 100px 100px. Na data mpya ikija, badilisha pembe tu. Ukijenga geji upya kila mara, mshale utaanza sifuri kila dakika.

Tuje kwenye uongo wenyewe. DS18B20 ikisomwa baada ya kuwashwa, kabla haijapima, hutoa 85. Waya ukikatika, maktaba ya msimbo inayotumika sana kwenye Arduino, bodi ndogo ya kusomea sensa, hurudisha -127. Thamani hizo mbili zisifike kwenye mshale kabisa. Andika "Sensa ina hitilafu". Hatari zaidi ni null, yaani thamani isiyokuwepo. Katika JavaScript, Number(null) ni 0, na Number("") pia ni 0, kwa hiyo kukosa data kunaonekana kama maziwa yanayogeuka barafu. Kagua null na maandishi matupu kabla ya kugeuza kuwa namba.

Kisha umeme. Umeme wa kituo ukikatika, kompresa inazimika na ruta inazimika nayo. Maziwa yanaanza kupata joto dakika ileile ambayo data inaacha kuja, na geji inabaki kwenye kijani cha mwisho ilichopewa. Ndiyo saa ambayo msimamizi aliye mbali anaihitaji kuliko zote! Kila kipimo kije na saa kilipopimwa. Sensa ikituma kila dakika 1, basi zikipita dakika 5 kimya, tao lote ligeuke kijivu, mshale ufichwe, na maneno yaseme "Hakuna data tangu saa 9:40 alasiri". Saa hiyo itumwe ikiwa na Z mwishoni, alama ya UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya saa ya hapa kwa saa 3. Bila Z, kivinjari cha Tanzania huichukua saa ya UTC kama saa ya hapa, kipimo kinaonekana cha saa 3 zilizopita, na geji inakuwa kijivu siku nzima.

Kabla ya kuikabidhi, ilishe kwa mkono 3.5, 26, 85, -127, null na maandishi matupu, kisha chomoa ruta na usubiri dakika 6. Mwite pia mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani aisome. Kama hawezi, ongeza neno chini ya namba: "Salama", "Angalia", "Hatari".