Nenda Peke Yako, Lakini Awepo wa Kukungoja

Nilipomwambia mama kwamba nakwenda Italia kuteleza kwenye theluji, tena peke yangu, alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. Aliniuliza tu, "Na ukianguka huko, nani atajua?"

Nikaona ni hofu ya mzazi. Siku ya nne mlimani nilimwelewa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi. Nashona vikoi na nguo za ufukweni, na wateja wangu wengi ni Waitaliano, kwa hiyo Kiitaliano nimekiokota dukani tangu usichana wangu. Kila Januari, kaskazi ikiwa imekolea na jasho linadondokea kitambaa, walikuwa wakinionyesha picha za kwao zilizojaa theluji. Nilidunduliza miaka 2. Wako walionambia kwamba mchezo ule si wa watu wetu. Niliwajibu kwamba Sabrina Simader, aliyeibebea Kenya bendera kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa hapa hapa Kilifi, ingawa alikulia Austria.

Nilichagua Sestriere, mji wa mlimani magharibi ya Turin, ambako baadhi ya mashindano ya ski, yaani huko kuteleza kwenye theluji, ya Olimpiki ya 2006 yalifanyika. Sikuuchagua kwa sifa hiyo. Niliuchagua kwa sababu unafikika bila gari: treni kutoka Turin hadi Oulx, kisha basi. Msafiri wa peke yake aanzie hapo. Halafu apange chumba karibu na lifti, ile mitambo inayobeba watu hadi juu ya mlima, hata kikiwa kidogo, maana kutembea na viatu vya ski huku umebeba ski zenyewe, vile vibao virefu vya kutelezea, begani ni kazi ya punda. Na asiende wakati wa Krismasi wala Februari, wenyeji wanapokuwa likizo. Katikati ya Januari bei hushuka.

Viza ya Schengen, ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, niliifuata Nairobi. Bima ya matibabu wanayoitaka ni ya angalau euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: bima nyingi za safari hazilipi ukiumia kwenye ski. Pia Italia, tangu 2022, hairuhusu mtu kuingia kwenye njia za ski bila bima ya madhara utakayomfanyia mtu mwingine. Hiyo huuzwa pamoja na tikiti ya lifti. Usiiruke.

Kwenye nguo nisikilizeni vizuri, maana hii ndiyo kazi yangu. Pamba, tunayoipenda sana pwani, ni adui mlimani. Inakunywa jasho na kulishikilia, na ukisimama kupumzika jasho lile hugeuka baridi mgongoni. Vaa sufu nyembamba au kitambaa cha wanamichezo mwilini, juu yake kitu cha kutunza joto, na nje kabisa jaketi lisilopenyeza maji wala upepo. Jaketi langu nililipata Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kwa shilingi 1,200 siku ile ile ya viza, jaketi halisi la ski, zipu zote nzima. Kagua mshono wa ndani: ukiona utepe umegandishwa juu yake, hilo halivuji. Glavu nunua mpya. Hijabu ya kufunga fundo haikai chini ya helmeti, na Italia sasa imeifanya helmeti kuwa lazima kwa umri wote. Nilijishonea kofia ya kitambaa cha kuvutika inayoshuka hadi kifuani, na haikunisumbua hata siku moja.

Viatu ni vya kukodi, na usione haya kuwachosha wenye duka. Vaa soksi moja tu, nyembamba. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Mimi nilipewa vikubwa nikanyamaza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, na kutwa nzima mguu ulikuwa unaogelea ndani, ski inakwenda upande wake na mimi wangu. Kesho yake nikavirudisha. Walinibadilishia bila neno.

Mji ule uko mita 2,035 juu ya bahari, na sisi tumezaliwa kwenye sifuri. Usiku wa kwanza kichwa kiligonga. Siku ya kwanza usicheze. Kunywa maji, tembea taratibu, lala. Paka krimu ya jua pia, maana theluji hurudisha miale usoni kama kioo, na weusi wa ngozi haukuzuii kuungua.

Chakula, uliza kila kitu. Nguruwe hujificha kwenye mchuzi na supu, na nyama nyingi hupikwa kwa divai. Nilishiba polenta na jibini. Polenta ni ugali wa mahindi, mlaini zaidi. Swala nayo ipange kabla. Januari magharibi huingia saa kumi na moja na kitu, na viatu vile havivuliki kwa dakika moja. Muulize shehe wako mapema habari ya kujumuisha swala na kupaka maji juu ya khofu, zile soksi za ngozi.

Sasa mafunzo. Pesa nyingine zote unaweza kuzibana, hizi usizibane. Chukua darasa la kikundi, asubuhi, siku zote. Kwanza, mwili wa mwanagenzi hukimbilia nyuma kwa woga, na ukiegemea nyuma ski hukutoroka. Mwalimu wetu, mama wa makamo, alikuwa akinigonga muundi kwa fimbo: hapa, uzito uwe hapa, mfupa uusukume ulimi wa kiatu. Nikakumbuka unavyosimama kwenye mashua ikipanda wimbi, magoti yamelegea, kifua mbele. Nikashuka bila kuanguka, hatua kumi hivi, na nikalia. Pili, darasa hukupa watu. Usipotokea asubuhi, kuna atakayeuliza.

Siku ile ya nne darasa lilikwisha adhuhuri, nami nikapanda peke yangu. Ukungu ukashuka ghafla. Nilikosea alama nikaingia njia nyekundu, iliyo ngumu zaidi, badala ya buluu, iliyo rahisi, nikaanguka, goti likapinda. Simu ilikuwa mfuko wa nje. Baridi ilikuwa imeshaiua betri. Tangu hapo simu yangu hukaa ndani, karibu na mwili. Nikasogea pembeni ya njia nikafanya alivyotufundisha mwalimu: nikachomeka ski zangu mbili juu yangu kidogo, zimepishana kama herufi X. Ni ishara ya mlimani kwamba chini yake kuna mtu ameumia.

Nilikaa. Kila chembe ya theluji ikitua kwenye glavu ilikuwa nyota ya ncha sita, nzima, kisha inayeyuka. Nilisoma Ayatul Kursi nisihesabu ni mara ngapi.

Asubuhi ile nilikuwa nimemwachia bibi mwenye chumba karatasi, kama kila siku: nakwenda upande gani, nitarudi saa ngapi. Saa iliyoandikwa ilipopita alipiga simu ofisi ya lifti. Walinzi wa njia hupita kila jioni kuhakikisha mlima umebaki mtupu, lakini walinijia mimi kwanza, wakijua ni upande gani. Walinishusha kwa machela ya kuteleza. Goti lilikuwa limeteguka tu. Siku mbili nilikaa dirishani.

Mama hajui Kiitaliano, na yule bibi hajui Kiswahili. Nilimpa kila mmoja namba ya mwenzake. Jioni zilizobaki, nikivua viatu tu, nilikuwa nawatumia wote wawili neno moja, kila mmoja kwa lugha yake: nimerudi.