Paipu ya oili haimpelekei mtu kitu

Fundi mmoja wa gereji Malindi ameniandikia hivi: “Maalim, assalaam aleikum. Ninamfungia mteja turbo kwenye gari ambalo halikutoka nayo kiwandani, na kwa kuwa nafasi ni finyu imenibidi niizungushe. Nilimpelekea ujumbe: ‘Turbo imelala, na hali hii inapelekea oili kutoshuka na kupelekea moshi.’ Mteja, ambaye ni mwalimu, amenijibu kuwa turbo hailali, huinama. Nani amepatia?”

Waaleikum salaam, mwanangu. Hilo mnalobishania ni jepesi. Turbo, ile mashine ya kuisukumia injini hewa zaidi, ikifungwa sawasawa imelala, kwa sababu mhimili wake hulazwa mlalo, na miongozo ya Garrett, watengenezaji wa turbo, haiuruhusu kupanda wala kushuka zaidi ya nyuzi 15. Tundu la kutolea oili ndilo linalotazama chini, na halitakiwi kwenda kando kupita nyuzi 35 kutoka wima. Ukiizungusha kupita hapo, sema imekaa mshazari, au imekwenda upogo. Kuinama nakuachia wewe unapochungulia chini ya boneti. Jina lenyewe asili yake ni Kilatini, lenye maana ya kimbunga, au ya pia, ile wanayoizungusha watoto wakicheza, nalo limeifaa mashine ambayo mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Kilichonichoma ni hiyo “inapelekea”, tena umeitumia mara mbili katika sentensi moja, na mwalimu mzima ameipita bila kuiona akaenda kuhangaika na kulala.

Kupelekea ni kauli ya kutendea ya kupeleka, kama kuletea ilivyo kwa kuleta. Haikamiliki bila watatu: anayepeleka, kinachopelekwa, na anayepelekewa. Hapa Lamu, ambako mizigo ya mitaani hubebwa na punda, mtoto huambiwa, “Mpelekee nyanya gesi,” naye haulizi maana: mpelekaji ni yeye, kinachopelekwa ni mtungi uliofungwa mgongoni mwa punda, na nyanya yuko mlangoni anasubiri kupika. Mwondoe nyanya, mtoto atakuuliza, “Nimpelekee nani?” Uondoe mtungi, nyanya atakuuliza mbona mmekuja mikono mitupu. Sasa niambie, hali ya turbo yako imempelekea nani, na imempelekea nini? Imemkodi punda gani? Huo ni usemi wa Kiingereza, “lead to”, uliovishwa kanzu, ukapokewa redioni na kwenye ripoti za serikali, na siku hizi hata katika hotuba za mazishi husikika kwamba maradhi “yalipelekea” kifo, kana kwamba kifo kilikuwa kimeagiza kitu.

Na ungalikuwa na bahati, fundi wangu, neno hilo ungeliweza kulitumia kwa haki katika injini hiyohiyo. Pampu huipelekea turbo oili: yuko mpelekaji, kipo kipelekwacho, yupo mpelekewa, na oili inafika kwa presha kupitia paipu nyembamba. Sentensi hiyo sina la kuitoa kasoro. Lakini ikishapita kwenye beringi, oili haipelekwi tena na yeyote. Imechanganyika na hewa, imekuwa povu, na inashuka kwa uzito wake tu mpaka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Ndiyo sababu paipu ya kurudishia hufanywa pana, isipungue nusu inchi kwa ndani, isiwe na tumbo linaloning’inia, na iingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Yaani umelichukua neno la kupeleka ukalibandika mahali pekee katika safari yote ya oili ambapo hakuna anayepeleka.

Ungesemaje? Una husababisha, una huleta, una hufanya. Mimi ningeliacha hata hilo husababisha nikaitumia -ka- ya kwenye kitenzi, ambayo imekuwa ikiunganisha sababu na tokeo tangu kabla ya gereji kuwapo: “Turbo imekaa mshazari mno, oili haishuki, ikajaa kwenye nyumba ya beringi, ikapenya kwenye sili za kuizuia, ikaingia egzosi ikatoka moshi wa buluu.” Mteja ataelewa kwamba sili huenda ni nzima na kosa liko kwenye paipu, na pengine hatakudai turbo nyingine.

Najua kupelekea hakutakoma kwa hasira zangu, na wapo wataalamu wenzangu wanaolitetea neno hilo kwamba lugha hukua. Sawa, ikue. Lakini kama nafasi imekubana kabisa na turbo ikalazimika kukaa chini ya usawa wa sampu, itakubidi ufunge pampu ya pili ya kuifyonza oili na kuirudisha juu. Siku hiyo mwandikie mwalimu kwamba pampu inaipelekea sampu oili, nami nitatia sahihi.