Kemikali "mpya" ni ipi, na taarifa apeleke nani? Majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii zimetoka Pemba hadi Houston, na karibu zote zinauliza jambo moja: nikitaka kuuza kemikali, nimwarifu nani, na lini? Neno linalowapoteza wengi ni hilo "mpya". Nchi nyingi haziangalii kemikali imekuwepo duniani kwa miaka mingapi. Zinaangalia kama jina lake limo kwenye daftari lao. Isiyomo ni mpya, hata kama bibi yako aliitumia.

Tuna mtambo mdogo wa kutoa mafuta ya mchaichai kwa mvuke. Mnunuzi wa Ujerumani anataka kilo 700 kwa mwaka. Je, ni sisi wa kusajili kwenye REACH? (Wete, Pemba)

Kwa kilo 700 peke yake, hapana. REACH, sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya iliyoanza 1 Juni 2007, inamdai usajili mzalishaji aliye Ulaya au mwagizaji anayefikisha tani 1 au zaidi kwa mwaka. Usajili unapelekwa ECHA, wakala wa kemikali wa Ulaya ulioko Helsinki. Lakini tani hiyo inahesabiwa kwa mwagizaji, si kwenu. Akichukua kilo 700 Pemba na 400 za mafuta hayohayo India, amevuka mstari, na alipaswa awe amesajili kabla hajauvuka. Mwulizeni mapema ananunua wapi kwingine.

Msitulizwe na neno "asilia". Ni kweli sheria inasamehe vitu vya asili, hata vilivyotolewa kwa mvuke, ila msamaha huo unaondoka kitu kikiwa na hatari inayotambuliwa. Mafuta ya mchaichai yamejaa sitrali, kile kinachoyapa harufu ya limau, na sitrali huamsha mzio wa ngozi. Kwa hiyo msamaha hauwafikii.

Kuna taarifa ya pili ambayo wengi huisahau, nayo haina kiwango cha chini cha uzito. Mwagizaji anayeingiza sokoni kitu chenye hatari lazima aiarifu ECHA, ndani ya mwezi mmoja, hatari yake ni ipi na lebo yake inasemaje. Atawaomba ninyi matokeo ya maabara. Mpeni ya kweli, na ya kila mkupuo wa mafuta, maana mchaichai wa masika na wa kiangazi hautoi mafuta yaleyale.

Biashara ikikua, kuna njia naipenda zaidi. Mzalishaji aliye nje ya Ulaya anaruhusiwa kuteua mwakilishi pekee aliye ndani ya Ulaya, asajili kwa niaba yake. Hapo wanunuzi wenu wote wa huko wanafunikwa na usajili huo mmoja. Mkimwachia mnunuzi asajili kwa jina lake, ufunguo unabaki mfukoni mwake. Mkikosana bei, mnaanza upya na mwingine. Na msikubali kulipia kufanywa upya vipimo ambavyo wengine wameshavifanya. Kabla ya kusajili ni lazima kuuliza ECHA kama kuna waliotangulia, na hao wanatakiwa kushirikiana nanyi data kwa gharama ya haki. Vipimo vya wanyama havirudiwi.

Zamani Ulaya nayo ilitenganisha mpya na kongwe: orodha ya kongwe ilikuwa na vitu 100,204 vilivyokuwa sokoni hadi 18 Septemba 1981. Tangu muda wa mwisho wa usajili wa vile vikongwe ulipokwisha 31 Mei 2018, vyote vinasimama mstari mmoja. Uingereza ina daftari lake tangu 1 Januari 2021, kwa hiyo usajili wa Helsinki hauwafikishi London.

Sisi ni kina mama wa sabuni ya mwani. Hayo ya tani yanatuhusu? (Paje, Unguja)

Dada zangu, kwa kiasi chenu tani si tatizo. Sabuni ya kuogea Ulaya ni kipodozi, na kipodozi lazima kiwe na mtu anayewajibika aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, ambaye hukiandikisha kwenye mfumo wao wa intaneti kabla hakijauzwa. Mpateni huyo kwanza, ndipo mchapishe lebo.

Naagiza kutoka China kiungo kipya cha rangi za kuta. Muuzaji anasema kimo kwenye orodha ya serikali yao. Inatosha? (Houston)

Haitoshi, kaka. Orodha ya China ni ya China. Marekani inatumia sheria ya TSCA ya mwaka 1976, na daftari lake lina majina zaidi ya 86,000. Kwa sheria hiyo, kuagiza ni sawa na kuzalisha. Kama kiungo hakimo, wewe mwagizaji unapeleka taarifa EPA, shirika la mazingira, angalau siku 90 kabla ya kuingiza. Ukiwa huzidishi kilo 10,000 kwa mwaka, unaweza kuomba msamaha wa kiasi kidogo, ambao hupitiwa kwa siku 30. Baada ya taarifa ya siku 90 kukamilika na kazi kuanza, unaiarifu EPA tena ndani ya siku 30, ndipo jina linaingia daftarini.

Sehemu ya daftari hilo ni siri, hivyo kutoliona jina mtandaoni si ushahidi kwamba halimo. Ukionyesha kwamba kweli umekusudia kuingiza kitu hicho, EPA watakutafutia na kukujibu. Na muuzaji akikataa kukuambia kilichomo kwa hofu ya kuibiwa fomula, mwambie aipeleke EPA moja kwa moja, pasipo kupitia kwako. Akikataa hata hilo, mimi nisingenunua kwake: forodhani unatia saini wewe kwamba mzigo umefuata sheria, si yeye.

Siku ya 91 ikifika na sijajibiwa, naanza kuuza? (Houston, huyohuyo)

Usithubutu. Zamani ilikuwa hivyo: EPA wakinyamaza hadi muda ukaisha, kimya kilikuwa ruhusa. Sheria ilirekebishwa 22 Juni 2016, na sasa ni lazima watamke uamuzi wao kuhusu hatari ya kemikali hiyo kabla hujaanza. Nayaona marekebisho haya kuwa makubwa kuliko mengine yote ya sheria ile. Afisa aliyezidiwa na mafaili hawezi tena, kwa kuchelewa tu, kufungulia kitu ambacho hakuna aliyekichunguza.

Natengeneza sabuni ya maji, nataka kuanza kuagiza salfoniki mwenyewe. (Mbagala, Dar es Salaam)

Mlango wako ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Usajiliwe wewe kama mfanyabiashara wa kemikali, kisha upate kibali cha kuingiza mzigo kabla haujapakiwa melini. Usisubiri ufike bandarini.

Shikamoo. Kwa nini taarifa iwe kabla? Si kemikali mbaya huondolewa tu ikigundulika? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba, mwanangu. Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, PCB, kemikali ya viwandani ya majimaji iliyotumika kupashia moto mitambo, ilivuja ikaingia kwenye mafuta ya kupikia ya pumba za mchele. Mapema mwaka huo kuku wapatao 400,000 walikuwa wamekufa kwa chakula kilichotokana na kiwanda hichohicho. Watu walitambuliwa mwezi Oktoba: vipele vyeusi, macho kutoa uchafu, watoto kuzaliwa ngozi imegeuka rangi. Waliojitokeza kusema wameumwa walikuwa kama 14,000.

PCB ilikuwa ikiuzwa duniani tangu 1929. Hakuna aliyewahi kutakiwa kueleza inafanya nini mwilini kabla ya kuiuza, na ilipogundulika haikuondoleka: haiozi, inakaa kwenye mafuta ya mwili miaka mingi. Mwaka 1973 Japani ikatunga sheria kwamba kila kemikali mpya ichunguzwe kabla ya kuzalishwa au kuingizwa nchini. Kati ya maswali ya kwanza ambayo mwenye kemikali alitakiwa kuyajibu ni haya: inaozeshwa na vijidudu? Na je, hujilimbikiza mwilini mwa samaki? PCB ingeanguka yote mawili.