Kupe wako kwa ukuta, sio kwa mbwa peke yake

Mie nina Popi, mbwa wangu, hapa Bamburi mwaka wa sita sasa, na kama kuna kitu kimenitoa jasho ni kupe. Mwanzo nilikuwa namuogesha na dawa kila wiki, nawatoa mmoja mmoja, Jumapili msafi, Jumatano maskio yamejaa tena, nikawa nalaumu mbwa wa mtaani wanaopita getini. Kumbe wenyewe wako kwangu uani.

Hawa kupe wa kahawia hawakai kwa mbwa muda wote. Anafyonza damu, akishiba anaanguka, anajificha kwa ufa mpaka ajivue ngozi, halafu anarudi kutafuta mbwa. Yule jike mkubwa wa kijivu aliyevimba kama kunde, huyo akianguka anataga mayai maelfu. Na nyumba zetu hizi za mawe zina matundu kila mahali, joto nalo ni la mwaka mzima, wanazaana tu. Usiku mmoja nilimulika na tochi ya simu nyuma ya kibanda cha Popi nikawaona wanapanda ukutani, wadogo kama ufuta, mwili wote ukanisisimka.

Basi ukimtibu mbwa, tibu na anapolala siku hiyo hiyo. Lile gunia lake nililichoma, nikafagia nyufa, nikapiga dawa ukutani, mbwa na watoto wakakaa mbali mpaka pakakauka, na baada ya wiki tatu nikarudia kwa sababu mayai yanaanguliwa baadaye. Halafu fundi akaziba nyufa kwa simiti, na wallahi hiyo simiti imenisaidia kuliko chupa zote nilizonunua.

Dawa usikadirie kwa macho. Kuna duka niliuziwa dawa ya ng'ombe nikaambiwa eti weka kidogo tu, Popi akashinda anayumba, hataki hata maji. Siku hizi namuuliza daktari wa mifugo, na mbwa anapimwa kilo kwanza. Na paka je, maana Mombasa hii nani hana paka uani? Dawa nyingi za mbwa zina permethrin, mbwa anaistahimili lakini paka inamuua, kwa hivyo soma karatasi yake kabla hujafungua.

Jioni mpapase mbwa kwa vidole: ndani ya maskio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, hapo ndipo wanapenda sana. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja polepole, mtie kwa kikopo cha spiriti. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti, na usimpasue kwa kucha.

Haya yote nasema kwa sababu ya homa ya kupe, ugonjwa ambao kupe humwambukiza mbwa. Popi aliamka siku moja akakataa dagaa, yeye wa kukataa dagaa! Nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akapimwa damu, akapewa doxycycline ya siku 28, siku ya tatu akasimama akala, na hapo ndipo watu wengi huacha dawa. Usiache, maliza.

Mfunue mbwa wako mdomo leo akiwa mzima, uzijue fizi zake zikoje. Kama ni nyeusi kwa asili, vuta kope la chini uangalie ndani.